Anamlilia Nani?

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii lilitoka kinywani mwa mama yangu, wala hakuliuliza kama swali la falsafa. Alikuwa amesimama mlangoni jioni, beseni la mboga mkononi, akaniuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo nyumbani kwetu anaitumia kwa kukemea tu: "Huyu mtoto anamlilia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshika simu, na simu ilikuwa bado inarekodi.

Sisi ni watu wa Ombaci, kilomita chache kutoka mjini Arua, na nyumba yetu iko karibu na misheni na Chuo cha Mtakatifu Yosefu. Lugha ya nyumbani ni Kilugbara. Kiingereza ni cha shule. Kiswahili kwetu ni cha soko, cha madereva wa malori yanayotoka Kongo na Sudan Kusini, na zamani kilikuwa cha jeshi. Mama alikikamilisha ukimbizini. Mimi nakisomea, na nikirudi likizo watu hunicheka kwamba nakwenda chuo kujifunza maneno ya wachuuzi. Hawanicheki sana siku hizi, kwa sababu mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na ghafla mtu anayekijua amekuwa na thamani.

Kwa sababu hiyo rafiki yangu mmoja wa mjini alinipigia simu mimi na si mwingine. Kuna watu walikuwa wanatayarisha tamthilia ya redio kwa Kiswahili, ya watoto, kuhusu safari ya wakimbizi. Mkoa wetu wa West Nile unajua habari hizo: Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi si majina ya kwenye magazeti kwetu, ni mahali ambapo majirani zetu wanafanya kazi na wengine wanaishi. Walitafuta msichana wa miaka 10 hadi 13 mwenye sauti safi. Mhusika wake anakimbia vita pamoja na mdogo wake wa kiume, wanapotezana usiku kwenye kivuko cha mto, naye anabaki ukingoni akimwita.

Nilimfikiria mpwa wangu papo hapo. Ana miaka 12 na hakuna mtu asiyeweza kumwiga. Humwiga katekista anavyokohoa kabla ya tangazo, kijana wa bodaboda anavyobembeleza abiria, hata mimi ninavyosema "kwa hakika" kila ninapotaka kuonekana msomi. Dada yangu alikubali haraka, na sitaficha sababu: ujira waliotaja ulikuwa karibu sawa na ada ya muhula mmoja.

Siku mbili tulifanya mazoezi, nami nikajifunza kazi ambayo sikujua kwamba ni kazi. Chumba chenye bati juu na sakafu ya saruji huirudisha sauti kama pango, basi tulisimamisha magodoro mawili pembeni mwa kitanda na kumfunika mtoto blanketi kichwani, na simu tukaiweka kwenye rundo la nguo, umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo upande, ili herufi "p" na "b" zisilipuke. Majogoo hatukuyaweza. Niligundua pia kwamba tabasamu husikika: mstari uleule ukisemwa kwa midomo iliyonyooka na ukisemwa kwa midomo iliyochanua si mstari mmoja. Na kwa kuwa Kiswahili ni lugha yake ya tatu, alipokisoma kwenye karatasi kilikuwa Kiswahili cha darasani, kila silabi imevaa sare. Nikamnyang'anya karatasi. Nikawa nasema kipande, naye anakirudia kwa namna yake. Baadaye nilisoma kwamba njia hiyo ni ya zamani: mwaka 1965, walipotengeneza katuni ya A Charlie Brown Christmas kwa sauti za watoto halisi, baadhi yao walikuwa wadogo mno kusoma, wakalishwa maneno kipande kwa kipande.

Tulituma. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo alasiri. Walisema sauti ni nzuri sana, matamshi mazuri, lakini pale kwenye mto hawamwamini. "Kilio hakitoshi. Tunataka machozi ya kweli. Tutumieni tena kabla ya kesho saa nne asubuhi."

Tulijaribu mara sita, labda saba. Alilia kama watoto wanavyolia kwenye maigizo ya shule, hii-hii-hii, kisha anacheka chini ya blanketi. Jua likaanza kuzama. Nami nikafanya jambo ambalo ndilo shina la insha hii. Nilimwinamia nikamwambia polepole: "Mkumbuke mdogo wako."

Mpwa wangu alikuwa na mdogo wake wa kiume. Malaria ilimchukua miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka mitano. Amezikwa nyuma ya nyumba, na kaburi lake tunaliona tukienda kuchota maji.

Mtoto alinyamaza kwa muda. Kisha akaanza kuita. Kwenye mswada mhusika anaita jina jingine, jina lililobuniwa na waandishi. Yeye hakuliita hilo. Aliita jina la mdogo wake, mara tatu, nne, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake wala kwa mtoto mwingine, na mimi, badala ya kumvua blanketi, niliangalia simu kuhakikisha kwamba namba za sekunde zinasogea. Ndipo mama akatokea mlangoni. Alikuwa jikoni, akasikia mjukuu wake marehemu anaitwa wakati wa giza kuingia.

Nimelifikiria tendo langu kwa miezi mingi, na kwanza nililitetea. Utetezi wangu haukuwa wa kijinga, kwa hiyo niueleze kwa haki. Nilijiambia kwamba waigizaji wote hufanya hivyo. Stanislavski, Mrusi aliyefundisha ulimwengu wa leo kuigiza, aliwataka waigizaji wake wachimbue kumbukumbu zao wenyewe ili hisia jukwaani ziwe hai. Nilijiambia tena kwamba tamthilia yenyewe ilikuwa na nia njema. Huenda mtoto fulani kambini angeisikia na kuona kwamba si yeye peke yake. Na huzuni ilikuwepo tayari, sikuiumba. Niliifungulia mlango tu.

Lakini utetezi huo una tundu, nami nilichukua muda kuliona. Mwigizaji mtu mzima anayekwenda kwenye kaburi la kumbukumbu yake anakwenda kwa miguu yake. Anajua njia ya kurudi, na akichoka anasema basi. Mpwa wangu hakwenda. Nilimpeleka, na nilimpeleka mimi mjomba wake, mtu ambaye kwetu ana neno zito juu ya mtoto wa dada, mtu ambaye mtoto hakutegemea angemfanyia hila. Kama mtu baki angemwambia "mkumbuke mdogo wako," angeweza kukataa au kununa. Mimi nilitumia imani yake kama ufunguo. Hata Stanislavski mwenyewe, miaka ya mwisho ya maisha yake, aliielekeza kazi yake zaidi kwenye matendo ya mwili kuliko kwenye kuchimbua kumbukumbu.

Kuna hoja nyingine ya zamani iliyonisumbua zaidi. Denis Diderot, Mfaransa aliyeishi karne ya 18, aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1830, yeye akiwa amekwisha kufa, akidai kwamba mwigizaji bora hahisi chochote. Anayelia kweli leo atashindwa kulia kesho. Aliyeusoma umbo la kilio na kulishika atalia kila siku, na watazamaji ndio watakaolowa. Nilipokisoma niliona ni maneno baridi ya mtu wa mjini. Mama yangu hajawahi kusikia jina la Diderot, na alinionyesha kwamba hoja hiyo ina joto kuliko nilivyodhani.

Usiku ule, mtoto alipokwisha kuoga na kula, mama alimwita. Alimuuliza kwanza kama anataka hiyo kazi. Mtoto akasema anataka. "Basi kaa hapa nikufundishe kulia."

Msomaji aliyekulia kijijini anajua mwanamke anavyofika kwenye msiba. Anatembea kimya njia nzima, pengine anaongea habari za bei ya mihogo. Akifika kwenye mpaka wa boma, anaachia ukemi. Sauti inapanda, inakatika, inashuka kwa maneno, anamwita marehemu, anamlaumu kwa nini hakusubiri. Baada ya muda anakaa, anapewa maji, anauliza mgonjwa alianza lini. Mgeni angesema ni unafiki. Sisi tunajua sivyo. Kilio kile kina mwanzo wake na mwisho wake, na umbo hilo ndilo linalomwezesha mtu kubeba huzuni bila kuangushwa nayo. Wengine wana machozi na wengine hawana, wala hakuna anayekagua macho ya mwenzake.

Mama alimfundisha mtoto wapi pa kuvuta pumzi. Alimwambia kwamba anayeita mtu aliye mbali hapigi kelele mwanzoni. Anaita kama kawaida, kwa sababu bado anaamini atajibiwa. Sauti inabadilika mara ya tatu. Na mara ya mwisho ni ndogo kuliko zote. Nilikaa pembeni nikasikia ngozi yangu inasisimka, maana nilitambua kwamba hafundishi kuigiza tu. Mama alikuwepo Ombaci tarehe 24 Juni 1981, alipokuwa msichana wa miaka 20, siku ambayo wanajeshi wa serikali ya wakati ule waliwashambulia raia waliokuwa wamekimbilia misheni na chuo wakidhani hapo ni salama. Waliokufa walikaribia mia. Waliosalia wengi walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan, na mama alikuwa mmoja wao. Alizijua hizo sauti za kuita.

Hapa niweke pembeni jambo moja. Kila mwaka tarehe hiyo tunasali, na mara kwa mara hufika watu wenye vinasa sauti. Mama amewasimulia zaidi ya mara moja. Usiku ule aliniambia neno ambalo hakuwahi kulisema: "Walichukua sauti yangu wakaenda nayo. Hakuna aliyerudi kunisikilizisha. Sijui iko wapi, sijui inasema nini huko." Hakulalamikia pesa. Alikuwa kama mtu anayeuliza habari za mbuzi aliyeazimwa. Tangu hapo siwezi kuona rekodi ya sauti kama kitu chepesi. Picha ya mtoto tumezoea kuilinda. Sauti tunaiona ni upepo. Na leo kompyuta inaweza kujifunza sauti ya mtu kutoka kwenye rekodi na kumsemesha maneno ambayo hakuyasema, basi upepo huo unashikika.

Nilitafuta sheria ziniambie la kufanya. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 12, na kwa wale wa chini ya 14 inaruhusu kazi nyepesi tu, chini ya uangalizi wa mtu mzima, isiyovuruga masomo. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yakapandisha umri wa kuanza kazi hadi 16. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaziachia nchi nafasi ya kutoa vibali kwa watoto katika maonyesho ya sanaa. Mambo ya pesa nayo yana historia yake. Jackie Coogan, aliyeigiza na Chaplin katika The Kid ya mwaka 1921, alikua akakuta mali yake imetumiwa na mama yake na baba wa kambo, na kesi yake ndiyo iliyozaa sheria ya California ya mwaka 1939 ya kuwawekea watoto akiba. Yote hayo ni mema na ningependa yafuatwe. Lakini yanahesabu umri, saa na fedha. Sikuona kifungu kinachosema ni kitu gani cha mtoto kinaweza kutumika kumliza.

Asubuhi tulirekodi tena, kabla ya majogoo kuchangamka sana. Mtoto aliita kama alivyofundishwa, akaita jina la kwenye mswada. Ilikuwa nzuri. Alipomaliza alivua blanketi akaomba chai.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa gumu kuliko jana yake. Mpwa wangu alitaka kusikia zote mbili. Alisikiliza ya asubuhi, akatikisa kichwa kuikubali. Alisikiliza ya jana, mpaka mwisho, bila kulia. Kisha akasema: "Mjomba, tuma hii. Hii ndiyo nzuri." Alikuwa sahihi. Mtu yeyote mwenye masikio angechagua ya jana.

Nilimwambia ile ina jina ambalo si la hadithi. Akasema watakata, si wana mashine? Nilimwambia ni huzuni yake mwenyewe. Akasema anajua ni yake, ndiyo maana anaitoa.

Hilo ni jibu zito, na nisingependa kulipita kwa kusema kwamba mtoto ni mtoto. Watoto wana hukumu. Mtoto wa miaka 12 kwetu anaachiwa nyumba na mtoto mchanga mgongoni. Ni ajabu kumwamini na moto wa jikoni halafu kumwambia hajui la kufanya na machozi yake. Kwa nini basi nilikataa?

Nilikataa kwa sababu rekodi ile haikuanza na yeye kutoa. Ilianza na mimi kuchukua, na ridhaa iliyokuja asubuhi ilikuwa inatembea nyuma ya kitu kilichokwisha kuchukuliwa, ikitaka kukihalalisha, pengine hata kunihurumia mimi. Mtu akiibiwa kuku, kisha akasema "basi mpike tule wote," ni ukarimu, lakini mwizi hana haki ya kuutegemea ukarimu huo. Kama akifika miaka 20 akataka kulia hadharani kwa ajili ya mdogo wake, redioni au kanisani, nitakuwa wa kwanza kumwekea kipaza sauti. Na kuna jambo la pili. Huzuni ile si yake peke yake. Dada yangu angekuwa anapika, redio imewashwa, asikie mwanawe anaitwa.

Najua kuna atakayesema njia rahisi ni kuacha watoto kabisa na kutumia watu wazima. Hilo linawezekana: Bart Simpson, mtoto mtundu kuliko wote wa katuni za Marekani, amesemeshwa na mwanamke, Nancy Cartwright, tangu 1987. Sipingi. Lakini mpwa wangu alifurahia zile siku mbili za magodoro na blanketi kuliko likizo yote, na singependa hukumu juu ya kosa langu iwe adhabu kwake.

Nilituma ya asubuhi. Dada yangu nilimweleza yote siku iliyofuata. Hakusema neno kwa muda, kisha akaomba asikie ile ya jioni. Nilimpa simu akaenda nayo nyuma ya nyumba. Aliporudi alisema nisiifute, wala nisimpe mtu. Nimefanya hivyo. Ndiyo rekodi pekee tuliyo nayo yenye jina la yule mtoto, na ipo kwa sababu ya kosa.

Kazi hakupata. Waliandika kwa adabu kwamba wamepata msichana mwingine, na ada ya muhula ule tuliilipa kwa kuuza mbuzi. Miezi michache baadaye tamthilia ilirushwa, tukaisikiliza sote nje, redio juu ya kigoda. Ilipofika pale kwenye kivuko, yule msichana alilia kilio cha ajabu, hata majirani wakanyamaza. Mpwa wangu alisikiliza kichwa kimeinama, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Kipindi kilipokwisha alinigeukia.

"Mjomba," akasema, "huyu naye walimkumbusha nani?"